Siku Tatu za Kurudia Hesabu

Si kweli kwamba marehemu mtunza mashine aliijua siku ya tetemeko. Watu wamelisema hilo sokoni, kwenye foleni ya maji na hata msibani, na kila likipita mdomo mpya linatiwa chumvi zaidi. Siku hizi linasimuliwa kwamba asubuhi ile alimtoa mkewe nyumbani, akamkalisha uwanjani kwenye kiti, kisha akaenda zake kazini kusubiri nyumba za wenzake zianguke. Asubuhi ile mkewe alikuwa darasani, chaki mkononi. Wanafunzi arobaini na wawili walioingia chini ya madawati kwa amri yake wako hai na wanaweza kuulizwa. Wengi wao wana akili kuliko hao wanaoeneza porojo.

Yaliyotokea ni haya.

Kwa miaka kumi na tisa marehemu alitunza mashine ya kupimia mitetemo ya ardhi, katika chumba cha chini cha ofisi ya maji. Chumba hakikuwa na dirisha. Katikati ilisimama nguzo fupi ya zege iliyochimbiwa mpaka kwenye mwamba, na juu yake pipa dogo la chuma lililovishwa karatasi. Pipa lilizunguka polepole bila kupumzika, huku kalamu nyembamba ikichora mstari. Ardhi ikitulia, mstari ulinyooka. Ardhi ikitikisika, kalamu ilicheza. Kila siku saa mbili asubuhi alivua viatu mlangoni ili kalamu isije ikaandika nyayo zake, akaingia na soksi, akabadilisha karatasi, akaketi kuisoma kwa kioo cha kukuzia.

Kazi yenyewe ilikuwa katika kusoma. Malori ya kokoto yalipita nyuma ya ofisi, na lori lililoshiba mzigo huichezesha kalamu karibu sawa na tetemeko dogo. Ilikuwa juu yake kuamua: hili tetemeko, hili lori. Makubwa hayana ubishi. Madogo yalitegemea jicho lake, na jicho lake liliaminiwa mpaka makao makuu.

Mwaka wa kumi na sita akaingiwa na wazo. Hakuliokota kwa waganga, kama inavyodaiwa. Alilisoma vitabuni, na wenye elimu kubwa kuliko yake wamewahi kuliuliza swali hilohilo. Jua na mwezi huivuta bahari ikajaa na kupwa. Huivuta na nchi kavu pia, ila kidogo sana. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa kwenye mstari mmoja na nguvu zao za kuvuta huungana. Je, mwamba uliokwisha kuchoka hauwezi kukatika siku hizo? Swali halali kabisa. Alinunua daftari jeusi, akapata jedwali la mwezi, akaanza kupanga matetemeko yake. Mwandamo na mpevu kila mmoja aliupa siku tano: yenyewe, mbili kabla na mbili baada. Jumla siku kumi kwa kila mwezi.

Mwaka mmoja tu ulipopita, tarakimu zilikuwa tamu. Hapo akafanya kosa. Kabla hajamwonyesha mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu na angemhoji, alimwonyesha kaka yake.

Huyu kaka mkubwa alirithi nyumba ndefu ya baba yao, vyumba sita vya wapangaji. Ukuta wa chumba cha mwisho ulikuwa na ufa ambao kiganja cha mtu mzima kiliingia. Fundi mwashi alikuwa ameuangalia mara moja tu na kusema ubomolewe ujengwe upya. Kaka mtu akajibu kwamba haubomoi ukuta wa baba kwa sababu ya porojo za mwashi. Mdogo mtu alipokuja na daftari lake, kaka aliona amepata dawa.

"Kwa hiyo siku hizo ndizo za hatari?"

"Zinaelekea kuwa."

"Na nyingine ni salama?"

"Sijasema hivyo, kaka."

"Umesema. Niandikie orodha."

Akamwandikia, kwa ule mwandiko wake mzuri. Orodha ikabandikwa kwenye mlango wa uani. Tangu hapo, kila mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, wapangaji waliburutwa nje na magodoro yao siku tano, wakapika nje, wakalala nje, kisha wakarudi chini ya ukuta uleule. Mtaa mzima ukampa jina: Bwana Mwezi. Alijifanya kuchukia. Ukweli ni kwamba kichwa kilimvimba kidogo.

Mwaka wa tatu ulipokwisha alijumlisha. Matetemeko mia mbili kumi na manne. Mia moja thelathini na moja yaliangukia siku za mwezi. Kwa bahati tupu yangekuwa sabini na mawili, sabini na matatu. Aliandika taarifa kwa makao makuu, ambako mkuu wa idara alikuwa ameahidi kuichapa kwa jina lake. Mtu aliyeishia kidato cha nne, jina lake kitabuni! Akampa mkewe amsahihishie lugha.

Mkewe hakugusa lugha. Aliweka kalamu chini.

"Nani alisoma hizi karatasi?"

"Mimi. Kuna mwingine?"

"Ukijua ni siku gani?"

"Tarehe ipo pembeni ya karatasi, mke wangu. Nitaachaje kuijua?"

"Basi hujapima mwezi. Umejipima mwenyewe."

Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaleta, kwa ruhusa ya bosi wake, karatasi zote ambamo kalamu ilikuwa imecheza hata kidogo, zaidi ya mia sita. Mkewe alizifunika tarehe kwa vipande vya karatasi, akazichanganya, akazipa namba ambazo yeye tu alijua maana yake. Kisha kwa wiki tano, kila jioni kwenye meza ya kulia, mumewe alizisoma upya moja moja, bila kujua hii ni ya mwezi mpevu au ya mwezi nusu. Tetemeko. Lori. Lori. Tetemeko. Mara nyingine aliinua uso kumtazama mkewe, kama mwanafunzi anayenusa jibu usoni pa mwalimu. Hakupata kitu.

Alhamisi jioni mkewe alifunua tarehe na kujumlisha.

"Mia moja themanini na sita kwa jumla. Sitini na manne siku za mwezi."

"Na kwa bahati tupu?"

"Sitini na matatu."

Mtunza mashine alicheka mara moja, kicheko kikavu. "Kwa hiyo miaka mitatu mwezi umenipa tetemeko moja."

"Hata hilo si lako."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Siku za mwezi, kila alipokuwa na shaka aliandika tetemeko. Siku nyingine, shaka hiyohiyo aliiita lori. Hakudanganya mtu, kwa hilo mkewe yuko tayari kula kiapo mbele ya yeyote. Jicho lilifuata moyo, basi.

Akainama kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa kaka. Ile orodha iko mlangoni, na watu wanalala chini ya ule ukuta."

"Uliwahi kwenda kwake na hesabu ambayo haijarudiwa," mkewe alisema. "Ndiyo maana orodha iko mlangoni. Safari hii tunarudia hesabu yote tangu mwanzo. Ukitoka hapa, utoke na kitu ambacho hakuna atakayekucheka."

Alibaki ameshika kamba za kiatu. Kisha akakivua.

Walirudia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mpaka adhuhuri. Ilitoka sitini na manne tena.

Jumapili alasiri alimkuta kaka yake uani, kwenye kiti cha baba yao, anakunywa chai. Chumba cha mwisho mlango ulikuwa wazi. Fundi cherehani, mjane aliyeishi humo, alikuwa anashona sare za shule, mgongo kwa ukuta wenye ufa.

"Karibu, Bwana Mwezi!" aliita fundi cherehani. "Umekuja kututoa nje tena? Godoro langu limechoka kusafiri kuliko mimi."

Wapangaji wakaangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Mama, orodha si ya kweli. Nilikosea. Hakuna siku ya hatari na siku ya salama. Uhame humo mpaka ukuta ubomolewe."

"Nihamie wapi na cherehani hili, baba? Kichwani kwako?"

Kaka mtu aliweka kikombe chini. "Mdogo wangu, unawatisha watu wangu kwa nini? Orodha ulinipa wewe, kwa mkono wako. Miaka miwili nimeifuata. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa kwa sababu hakujatokea tetemeko kubwa."

"Basi si inafanya kazi!"

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Mdogo mtu akasubiri kiishe.

"Kaka, nimeipima upya. Hakuna kitu. Bomoa ukuta. Mwashi si yuko hapo kwa jirani?"

"Alikuwepo. Wiki nzima amegonga hapo mpaka kichwa kinauma. Kamaliza, kaondoka jana, kapata kazi mbali. Halafu nikuambie kitu? Anayesema hapa si wewe. Ni mwalimu, anatumia mdomo wako."

Hapo damu ilimchemka. Alikwenda mlangoni, akaichana orodha vipande viwili, vinne, akavitia mfukoni. Kaka yake alisimama na kumzaba kofi mbele ya wapangaji wote. Mtu wa miaka hamsini na mbili, anazabwa kama mtoto. Hakurudisha. Alimwambia tena fundi cherehani, kwa sauti ya chini, "Mama, nakuomba." Yule mama akasema ataona mwisho wa wiki, sare zinatakiwa Ijumaa. "Na kwa orodha yako," aliongeza, labda kwa kumhurumia, "hatari haianzi mpaka Jumapili ijayo. Nimeihifadhi kichwani."

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, mwezi ukiwa nusu, siku ambayo orodha haikuigusa, ardhi ilitikisika. Mtunza mashine alikuwa mbele ya pipa. Aliona kalamu ikitupwa upande, ikachana karatasi, ikabaki inaning'inia. Hakusubiri kuisoma. Alipanda ngazi na kukimbia na soksi, mtaa mpaka mtaa, huku watu wakimiminika nje wakipiga kelele.

Nyumba ndefu ilikuwa imesimama, vyumba vitano. Cha sita kilikuwa rundo. Gurudumu la cherehani lilichungulia kwenye matofali. Alichimba kwa mikono mpaka kucha mbili zikang'oka. Kaka yake alisimama pembeni amejaa vumbi, kimya, mikono mitupu. Yule mama walimtoa saa sita. Sare moja ilikuwa bado imeshikwa na sindano.

Makaburini kaka mtu alipata sauti yake.

"Jumapili mdogo wangu alikuja kwangu," aliwaambia watu. "Mashahidi wapo. Akachana orodha, akamwambia marehemu ahame. Siku mbili baadaye ukuta ukaanguka. Nawauliza nyinyi wenyewe: alijua, au hakujua?"

Hapo ndipo uvumi wote ulipozaliwa. Onyo lake liligeuzwa ushahidi dhidi yake. Mwanamke mmoja alimtemea mate kwenye shati. Baadaye, langoni, mwashi, aliyekuwa amerudi kuzika, alimshika bega. Hakuwa na nia mbaya; ni mtu asiyejua kunyamaza.

"Ungekuja Ijumaa, bwana. Nilikuwa hapo na nyundo na vijana wangu. Ukuta ule ni kazi ya nusu siku, na kaka yako ningembana mpaka akubali."

"Nilijua Alhamisi," alijibu mtunza mashine.

Hilo mwashi naye amewasimulia watu.

Taarifa ilichapwa mwaka uliofuata: mstari mmoja, kwamba kituo kimoja kimejaribu na uhusiano haukuonekana. Chini yake lilikuwepo jina la mkuu wa idara. Mtunza mashine aliusoma, akaukunja ukurasa vizuri, akaurudisha kwenye bahasha. Nyumbani hakulalamika. Hakumlaumu mtu. Jioni aliketi kwenye meza ya kulia, mahali palepale alipozisoma karatasi, akiangalia mikono yake. Mkewe alisahihisha madaftari ya wanafunzi upande wa pili.

Hakujinyonga, wala hakunywa sumu. Alikufa kwa moyo, kazini, miezi kumi na minne baada ya tetemeko. Cheti cha daktari kipo kabatini. Alikuwa amevua viatu mlangoni, kama kawaida, akaanguka karibu na nguzo. Karatasi ya siku hiyo ilisomwa na kijana aliyeletwa kuchukua nafasi yake. Saa tatu kasorobo kalamu ilicheza kidogo. Kijana aliandika: lori.

Wiki mbili baada ya mazishi kaka mtu alibisha hodi kwa mke wa marehemu.

"Shemeji, pole tena. Nimefuata lile daftari jeusi. Watu wananiuliza tarehe."

"Daftari linasema hakuna tarehe."

"Hayo unasema wewe."

Mkewe alilileta, akalifungua kwenye ukurasa wa ile Jumanne, akamshikia mbele ya macho. "Soma. Mwezi nusu. Orodha ingekuwa bado mlangoni, yule mama angekuwa ndani anashona, kwa ruhusa yako."

Alisoma. Kisha akapata la kusema, maana watu wa aina yake hawakosi.

"Sawa. Na mdogo wangu, kama alijua Alhamisi, nani alimzuia mpaka Jumapili?"

Mkewe alilifunga daftari, akaufunga mlango.

Kwamba marehemu aliijua siku ni uongo, na atakayeurudia ataitwa mwongo mbele za watu. Kuhusu ile Alhamisi na siku tatu zilizofuata, mkewe hana la kuongeza. Asiulizwe tena.