Fundi wa Magari Mawili ya Kiitaliano

Kila asubuhi, kutoka kwenye cherehani yake huko Biryogo, Umulisa humwona fundi wa ng'ambo ya kichochoro akianza kazi kwa kuyapapasa yale magari mawili, kama anayepima homa ya watoto. Moja ni Fiat 500 ya miaka ya sitini, ndogo kiasi cha kusukumwa na mtu mmoja. Jingine ni Alfa Romeo ya miaka ya themanini, ndefu, imeziba nusu ya uwanja. Mteja akiuliza lipi bora, fundi hujibu kwa sauti ya chini, "Hii kubwa iko na nafasi, mkono unaingia wote. Ile ndogo inataka vidole tu." Kisha hutia mikono mfukoni. Zamani hakuwa akiificha.

Leo alikuwa ameinama nyuma ya Fiat, kwenye injini, akijaribu kufunga nati. Ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena, na mkono ukaendelea kutetemeka hata alipoushika kwa mwingine. Umulisa akavuka, akaichukua, akaifunga kwa vidole vilivyozoea sindano.

"Asante, binti yangu," alisema bila kumtazama.

"Kesho nitakuja tena, mzee."

"Kesho hapana. Wenyewe waje wayachukue. Yote mawili."

"Hata kubwa? Hiyo si bado unaiweza?"

"Leo naiweza."

Akashusha kifuniko cha injini taratibu, akabaki amekiegemea. Mabega yalimtikisika, na Umulisa hakujua kama ni ule ugonjwa wa kutetemeka au analia.