Jino la Philister

Philister hakuwahi kupigwa asirudishe. Hilo ndilo la kwanza kujua habari zake, na wanakanisa wenzake watakuambia kabla hujauliza. Kisumu alikuwa akiuza samaki sokoni, na mume aliyemzaba kofi la kwanza alitoka nyumbani mkono wake ukining'inia kwenye leso. Hapa Minnesota, Marekani, jamaa mmoja alimpokonya pochi kwenye kituo cha basi, University Avenue. Philister alikuwa ametoka dukani na mfuko wa tilapia waliogandishwa, wagumu kama matofali. Alimchapa nao usoni mara mbili, pua ikageukia Wisconsin, jimbo jirani. Pochi ikarudi. Tilapia wakapikwa jioni hiyohiyo, maana samaki hawana kosa.

Basi mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa mama wa mbwa wa kufariji wazee. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Mbwa mwenyewe alimpata kitongoji cha Saint Louis Park, kwa bibi mmoja Mzungu ambaye Philister alikuwa akilipwa kumtunza nyumbani kwake. Bibi alipofariki, watoto wake waligawana vyombo, mbwa akabaki sebuleni hana wa kumtaka. Mmoja akasema apelekwe akachomwe sindano ya kufa. Philister, ambaye kwao mbwa alimjua kwa kumtupia jiwe tu, akachukua kamba, akamfunga.

"Vijiko vya mama yenu mmevipigania," akawaambia, "na huyu aliyemlilia mnataka kumwua." Akatoka naye.

Jina lake Biskuti. Mkubwa kama ndama, mpole kama godoro. Wakafundishwa wote wawili, wakapimwa, mbwa akatundikwa kitambulisho chenye picha shingoni kama mtu wa ofisi. Kila Jumamosi wakawa wanakuja Maplewood, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuogesha na kulisha. Philister halipwi, anajitolea. Wazee walimpapasa Biskuti masikio, wakakumbuka majina ya mbwa wao waliokufa zamani, wakalala vizuri.

Sasa, mzee wetu mgumu kuliko wote alikuwa Papa Kasika, kinyozi wa Uvira, Kongo. Vita vilimtoa kwao, uzee ukamtoa akili, ikabaki mikono. Na ile mikono! Siku ya kwanza nilipomfungua shati alinipa ngumi ya tumbo nikakosa pumzi. Mwenzangu Bravin alivunjiwa miwani usoni. Nesi mmoja alipigwa kichwa cha pua, damu mpaka kwenye mapazia. Si ubaya wake. Watu wenye bunduki waliwahi kumvua nguo barabarani mbele ya watoto wake, na tangu akili ilipokwenda, kila anayemshika kifungo ni wao wamerudi. Lakini ngumi yenye sababu na isiyo na sababu zinauma sawasawa.

Mwishowe wakubwa wakasema basi. Akimjeruhi mtu mmoja zaidi, anapelekwa kwenye nyumba ya kufungiwa, huko kaskazini misituni, nusu siku kwa gari. Binti yake Rachelle hana gari. Ana watoto wadogo na kazi ya kiwandani. Alimshika mkono Susan, msimamizi wetu, Mkisii asiyepindisha sheria hata kwa mamake.

"Mama Susan, mukimupeleka kule, papa atakufa akifikiri nimemutupa."

"Basi mwombee asipige," Susan akasema.

Kitu kimoja tu kilimtuliza mzee yule: Biskuti. Philister alikuwa akimpa brashi ya mbwa, naye anamchana toka kichwani hadi mkiani, taratibu, kama yuko kwenye kibanda chake Uvira. "Inama, mteja," anamwambia. "Weye una nywele ya bwana harusi." Akimaliza, tunamwogesha bila vita.

Jumamosi moja mwogeshaji mgeni, asiyejua hili wala lile, akageuza mpango. Akamwogesha kwanza. Papa Kasika akatolewa bafuni kwenye kiti cha magurudumu, amelowa, taulo mabegani, anatweta kama fahali. Mwogeshaji akarudi bafuni kuchukua nguo, na Philister alikuwa amekwisha kufika ukumbini. Biskuti akamwona kinyozi wake, akamwendea mbio akitikisa mkia.

Mzee akaidaka kamba, akaizungusha shingoni mwa mbwa, akakaza.

"Mumerudi?" akanguruma. "Leo ni zamu yenu! Leo miye naua!"

Alikaza mpaka mishipa ikamtoka mikononi. Ulimi wa mbwa ukatoka nje, macho yakajaa damu, kucha zikawa zinakwaruza sakafu. Hakuuma. Meno yote yale mdomoni, na hakuuma.

"Achia, mzee! Achia!" Philister akapenyeza vidole kati ya kamba na shingo. Mzee akaachia mkono mmoja, akachomoa fimbo yake iliyotundikwa kwenye kiti, akamtandika nayo mdomoni.

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nilisikia jino likikatika.

Nikaona ngumi ya Philister ikipanda. Ngumi hiyo naijua. Nikasema moyoni, mzee kwisha. Fimbo ikashuka tena, safari hii sikioni, na ngumi bado iko juu. Kisha ikafunguka. Kwa mkono huohuo akashika ndoano iliyofunga kamba kwenye ukanda wa mbwa, akaifyatua, Biskuti akaanguka pembeni akikohoa. Philister akamkumbatia mzee na kiti chake, akambana mikono kifuani. Mzee akamng'ata bega. Philister hakumwachia.

"Ni mimi, Papa. Hakuna bunduki hapa. Ni mimi wa mbwa."

Mzee akamng'ata hadi akachoka, akaanza kulia.

Viatu vya Susan vikasikika vikija mbio. Philister akaisukuma fimbo kwa mguu chini ya kochi.

"Philister! Ni nani amekupiga?"

"Nani wa kunipiga mimi?" Akatema jino kiganjani. "Mbwa amenivuta, nikaangukia meza."

Susan akanigeukia. "Wewe umeona nini?"

"Nimeona sakafu ina maji," nikasema. "Na mbwa ni mkubwa."

Susan si mjinga. Aliitazama shingo ya mbwa, akamtazama mzee, akatazama bega la Philister lililolowa mate na damu.

"Unajua unachosema? Mbwa anayemwangusha mwenyewe hataingia hapa tena. Wala kwingine kokote."

"Najua."

"Basi sema tena. Nani?"

Biskuti alikuwa akilamba damu kwenye kiatu cha Philister.

"Mbwa," Philister akasema.

Akamvua Biskuti kitambulisho palepale. Nilimsindikiza mpaka kwenye gari, na huko ndiko ile ngumi ilipopata pa kutua. Aliupiga mlango wa gari lake mwenyewe mpaka bati likabonyea. Limebonyea mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata akaja peke yake, pengo wazi, brashi mkobani. Rachelle alikuwa amekuja kwa basi kumwona babake. Papa Kasika akachungulia nyuma ya sketi ya Philister.

"Imbwa iko wapi?"

"Amefutwa kazi. Yuko kwangu, amelala kwenye kochi."

Mzee akakunja uso. Mkono ukapanda. Rachelle akaziba mdomo, nami nikaweka sinia chini.

"Jaribu uone, mzee wangu," Philister akasema, uso wake karibu na wake. "Leo sina mbwa wa kumsingizia."

Mkono ukabaki hewani. Philister akavuta kigoda, akakaa, akampa mgongo. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumpa Papa Kasika mgongo. Akampitishia brashi juu ya bega.

Mzee akaitazama. Akazigusa nywele za Philister kwa kidole, wigi ikahama upande.

"Mteja," akasema, "hii nywele haina mizizi."

"Chana hivyohivyo. Na ukinigonga na hiyo brashi, nitakung'oa sikio."

"Tulia basi," akasema kinyozi. "Munatikisika sana, ninyi wateja wa Jumamosi."

Akaanza kuchana.