Bao Alilolikataa Nzilani

Kwa miaka tisa Mwalimu Benta Amolo alifundisha netiboli katika shule moja ya msingi mtaani Kaloleni. Kila jioni masomo yakiisha, alivua viatu vyake vya visigino, akaingia uwanjani na viatu vya raba. Wasichana walizijua sheria zake: anayemcheka mwenzake aliyekosea hachezi.

Mwaka wa 1979 timu yake ilifika fainali. Dakika za mwisho mabao yakiwa sawa, nahodha Nzilani, msichana wa darasa la saba, alifunga. Refa akalikubali bao. Nzilani akamwendea refa.

"Refa, nilitembea na mpira kabla ya kurusha. Hukuniona."

Bao likafutwa. Wapinzani wakafunga lao, na kombe likaenda mtaani kwao, Shauri Moyo. Benta alimkumbatia mtoto yule mbele ya watu. Mwalimu mkuu, Bwana Mulwa, aliondoka bila kuaga.

Jumatatu, kwenye gwaride, Mulwa alimwita Nzilani mbele ya shule nzima. "Huyu ameiuza shule yetu," akasema, akamcharaza viboko viwili. Benta akatoka kwenye mstari wa walimu, akasimama kati ya Mulwa na Nzilani.

"Mwalimu Benta, rudi mahali pako."

"Mwezi jana ulimchapa mtoto wa darasa la nne kwa kusema uongo. Leo unamchapa huyu kwa kusema kweli. Hawa watoto washike lipi?"

"Nakuonya."

"Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Kama ni kosa, ni langu."

Mulwa akaishusha fimbo bila kumchapa tena. Baadaye, katika chumba cha walimu, wenzake walimnong'oneza kwamba alifanya vyema. Aliwauliza kwa nini hawakuyasema hayo kule nje. Wakainamia vitabu.

Mwezi haukuisha kabla hajapewa barua ya uhamisho: ukaidi mbele ya wanafunzi. Netiboli ikafutwa pale Kaloleni, na saa za mazoezi zikawa za kukaririsha watoto majibu ya mtihani. Wazazi waliambiwa ni kwa faida ya watoto wao.

Shule mpya haikuwa hata na magoli. Benta alimwomba Matheka, seremala wa jirani, amtengenezee nguzo mbili. Jioni ya kwanza walikuja wasichana saba, akaanza nao.

Hadi leo ukimtajia Benta jina la Mulwa, sauti yake hupanda. Hajutii kuhamishwa. Anachojutia ni kwamba alichelewa kutoka mstarini, na viboko viwili vikawa vimeshampata mtoto wa watu.