Spika Nzito ya Mama wa Elburgon

Juzi nilikuwa katika duka la redio hapa Nakuru. Mama mmoja kutoka Elburgon alitaka spika za bei nafuu, za sebule kubwa. Muuzaji akataka kuziwasha.

"Wacha, boss. Spika nzuri ni ile nzito," mama akamzuia.

Akaziinua moja moja, kama anayechagua kabichi. Aliyoipenda alipoigeuza, kitu kikagonga ndani.

"Fungua!" mama akaamuru.

Skrubu zilipotoka, jiwe la ukubwa wa ngumi likaanguka kwenye kaunta. Muuzaji hakupepesa hata jicho.

"Mathe," akamwambia mama, "si nyinyi hupima uzuri wa spika kwa mikono?"

Nilikimbia nyumbani kufungua spika zangu, nilizochagua hapo vivyo hivyo. Sasa nina mawe mawili mazuri ya kuzuia mlango wa sebule.