Ute wa Manjano Uliotuchorea Njia Kariakoo

Mama yangu ndiye aliyelifungua lile kabati la jikoni, akapiga kelele hadi jirani akaja kugonga mlango.

"Wewe mtoto! Unafuga kamasi humu ndani?"

Simlaumu. Kwenye sinia kulikuwa na ute wa manjano uliojitandaza kama mishipa. Ni kiumbe hai, huota kwenye magogo yaliyooza msimu wa mvua, nami nilikuwa nimekibandua kwenye gogo moja nikakileta nyumbani. Hakina ubongo wala macho. Lakini ukikiwekea chakula huku na huku, kinajitandaza kote kukitafuta, halafu kinaziacha njia zisizokifaa na kuzinenepesha zile zinazokifaa. Nilikisoma chuoni nikakisahau. Sasa nilikuwa msanifu majengo katika ofisi ndogo pale Posta, na shida yangu ilikuwa njia.

Mteja wetu alikuwa mjane wa Kihindi, mwenye jengo la zamani Kariakoo. Chini kumejaa fremu za maduka. Za mbele zilikuwa na wateja hadi barabarani. Za nyuma zilikuwa zimekufa. Dada mmoja aliyeuza vitenge kule mwisho aliniambia, "Huku kwangu hata nzi haji." Ofisi yetu ilichora korido iliyonyooka katikati, ambayo ingevunja fremu za watu. Wapangaji wakagoma. Msemaji wao, muuza mabegi mwenye sauti nzito, alisema, "Hiyo korido nipitishieni kifuani kwanza."

Nilipomwambia bosi ninachotaka kujaribu, alicheka mpaka akavua miwani. "Jaribu. Ila kwenye ramani usiandike nani kachora."

Basi nikachora jengo lile kwenye karatasi yenye unyevu. Kila fremu niliiwekea chembe ya shayiri, na kila barabara inayoleta watu niliiwekea chembe pia. Kuta nene nilizichora kwa chumvi, kwa sababu kiumbe hiki hakiipendi. Nikaandaa masinia kadhaa, nikayafungia gizani. Pale ute ulipokwama, nilitupa karatasi. Pale ulipopata njia nzuri, nilikata kipande nikakipanda kwenye karatasi mpya, nikiacha upenyo mdogo kwenye chumvi mahali papya, nione kama kitapata nzuri zaidi. Mama, aliyekulia kwenye mashamba ya mahindi kusini, alisimama nyuma yangu akanitazama.

"Kumbe unachagua mbegu," akasema, na tangu siku hiyo akawa ananiamsha yeye: "Njoo, limetambaa lako!"

Kila karatasi iliyokuwa nzuri ilinionyesha kitu kilekile. Ute uliidharau ile njia ya katikati. Ulipita pembeni, ukajikunja, ukaingia stoo ya nyuma na kutokea mtaa wa pili. Nilikwenda kuangalia. Nyuma ya rafu za stoo, chini ya rangi, kulikuwa na mlango uliozibwa kwa tofali.

"Mume wangu aliuziba," mama mwenye jengo alinieleza. "Wezi walikuwa wanauchezea. Mimi nilishausahau."

Tukakutana sebuleni kwake ghorofani, wapangaji wote, bosi, na mimi na sinia langu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba huku macho yakiwa kwenye ute.

"Kinaishi?"

"Kinaishi, mama."

"Mkimaliza mtakiua? Nyumba hii hatuui kiumbe."

"Nitakirudisha kwenye gogo lake."

"Haya. Onyesha."

Muuza mabegi alisogea, akaufuata mshipa mnene kwa kidole bila kuugusa. Kidole kikasimama. "Hapa si kwangu?"

"Ni kwako."

"Mbona hakijanivunja?"

"Njia inapinda hapo. Duka lako litatazama pande mbili."

Akageuka kwa wenzake. "Jamani, mimi sina neno. Kipewe kazi."

Chumba kizima kikacheka, na bosi akawa wa kwanza kupiga makofi.

Mafundi walibomoa tofali za ule mlango asubuhi moja. Vumbi lilipotulia, mwanga wa mtaa wa pili ukaingia hadi kwenye fremu za mwisho, na upepo nyuma yake. Hata kufagia tulikuwa hatujafagia. Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani alichungulia, akauliza, "Hapa kunapitika?" Dada wa vitenge akamjibu kabla yangu, "Pita, mpenzi, pita!" Akapita. Nyuma yake wakaja wengine, na wengine. Wiki hiyohiyo watu walikuwa wanakatiza kutoka mtaa hadi mtaa kana kwamba njia ile ilikuwapo siku zote. Dada wa vitenge aliishiwa mali kabla ya mchana, akawa anapiga simu huku anapima kitambaa kwa mkono mwingine. Bosi alikuja na wateja wapya wawili, akawaambia kwa sauti kubwa nani kachora.

Nilikuwa nimesimama katikati ya njia hiyo, nikiangalia tu, nimejaa furaha tele. Mchukuzi akaja na robota begani, jasho linamtiririka.

"Dada, toka njiani! Watu wana kazi!"

Nikajibanza ukutani, apite.