Mfuko Wenye Miguu

Kuna watu wakiingia nyumba ya mtu hutazama picha za ukutani, wengine hutazama viatu mlangoni. Mama Zipu hutazama pipa la taka. Msimcheke, ndiyo kazi yake. Kiwandani yeye ndiye mbunifu wa mifuko inayofunguka na kufungika tena, ya unga, ya sukari, ya sabuni ya kufulia, na jina hilo wamembatiza wenzake. Majirani wamemzoea. Wakimaliza mfuko hawautupi, wanamtundikia kwenye kitasa cha mlango. Naye huuchukua akaukung'uta, akaukunjua mezani na kuuchungulia kama daktari anayetazama ulimi wa mgonjwa. Hapa palipasuliwa kwa meno. Hapa kisu kilipita chini ya zipu, zipu ikaenda jalalani haijafungwa hata mara moja. Hapa mtu alikuwa na haraka, mtoto analia.

"Mwenye mfuko atakudanganya kwa heshima," hupenda kusema. "Atakwambia mzuri sana, asante sana. Mfuko mtupu hauna adabu hiyo."

Kazi hii hakuianzia kiwandani. Aliianzia jikoni kwa Shangazi, aliyemlea yeye na kaka yake tangu wazazi wao walipofariki. Shangazi alikuwa mtu wa mafundo. Kila mfuko ulioingia kwake ulifungwa kwa uzi, na fundo la Shangazi hata mchawi angeliomba msamaha. Kukata ilikuwa mwiko, maana mfuko ule ungetumika tena na tena. Basi asubuhi msichana alikaa kwenye kizingiti cha jiko, anahangaika na fundo kwa kucha na meno, huku kaka mtu akilia njaa kama aliyesahauliwa na dunia. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza: kwani hakuna namna ya kitu kujifunga vizuri bila kumtesa mtu?

Miaka ikapita, akasoma, akaajiriwa. Mfuko wake wa kwanza kutoka mashineni aliupeleka kwa Shangazi kabla hajamwonyesha mtu mwingine. Shangazi akapitisha kidole gumba juu ya zipu, ikalia krrrp. Akaifungua, akaifunga tena, krrrp. Akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Umenimaliza, mwanangu. Sasa mafundo yangu nikamfungie nani?"

Siku hizi Shangazi amezeeka. Macho yamefifia, anaona vivuli na mwanga wa dirisha basi, lakini anaishi kwake na anapika mwenyewe. Jikoni mwake kila kitu kina pahali pake, na mikono yake hufika hapo bila kuuliza njia. Ilikuwa hivyo mpaka asubuhi moja, jirani alipokuja kumsaidia kufagia, akapanga rafu upya kwa nia njema.

Asubuhi hiyo hiyo kaka mtu alikuja na watoto wake kumsalimia bibi yao. Shangazi, pua imeziba kwa mafua, akabandika uji. Uji ukachemka, ukapanda, ukatoa povu jeupe linalometameta, likamwagika kila upande, nyumba nzima ikanukia nguo safi. Watoto wakashangilia. Baba yao hakushangilia. Alizima jiko, akatoka uani, akampigia dada yake simu.

"Ametutilia sabuni kwenye uji."

"Nani?"

"Nani mwingine? Shangazi! Mimi namhamishia kwangu. Chumba cha nyuma nakipaka rangi, ikikauka tu naja kumchukua."

"Kaka, ukimtoa jikoni mwake, huko kwako atafanya nini?"

"Atakaa. Atapumzika kama wazee wengine. Na usinicheke."

"Sicheki."

"Je, kama isingetoa povu? Wanangu walikuwa wameshashika vikombe, dada yangu. Wameshashika!"

Hapo kaka yake alikuwa na haki.

Alitoka kazini akaenda moja kwa moja. Alimkuta Shangazi amekaa kwenye kizingiti kilekile, mikono imelala mapajani haina kazi. Sura ile ilimwingia mpaka mifupani, maana hakuwahi kuiona mikono ile imelala kabla ya mwenyewe kulala.

"Kaka yako anasema nikapumzike," Shangazi akasema. "Anayepumzika ni aliyechoka, mwanangu. Mimi nikakae kitini nisubiri sahani, kama mgeni asiyejua kuaga?"

Mama Zipu akauchukua mfuko wa unga na mfuko wa sabuni, akaiweka yote mezani, akafumba macho, akapapasa. Kimo kimoja, unene mmoja, mdomo mmoja, zipu moja. Na yote miwili ilikuwa ya kwake. Yeye ndiye aliyepigania iwe pacha, ili mashine isisimamishwe kila inapotoka kwenye unga kwenda kwenye sabuni. Unga rangi ya manjano, sabuni rangi ya buluu, yatosha, nani asiyeona? Alipigiwa makofi mkutanini siku ile. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kesho yake alimfuata fundi mitambo, rafiki yake wa siku nyingi, mtu anayeongea na mashine zaidi kuliko anavyoongea na mkewe.

"Nataka mdomo wa mfuko wa sabuni uwe na umbo lake."

"Mdomo unabanwa na taya za moto," fundi akasema. "Kuzibadilisha mpaka zipoe kwanza, nusu siku imekwenda. Si wewe uliyetuambia tusiziguse? Nilikupigia makofi mpaka viganja vikawaka."

"Basi chukua makofi yako."

Fundi akacheka, akajikuna kidevu kwa spana. "Taya siziwezi. Lakini kisu kinachokata mifuko kinashikiliwa na bolti mbili tu. Kisu nakibadilisha na chai yangu haijapoa."

Wakaweka kisu chenye meno madogomadogo, kikakata ukingo wa juu wa mfuko wa sabuni kama msumeno. Mama Zipu akaubeba mbio kwa Shangazi. Sasa, yeye ana sharti moja analolishika kama dini: ukishamwekea mtu mfuko mkononi, funga mdomo wako. Mfuko unaohitaji maelezo umeshashindwa.

Shangazi akaupapasa, akaguna. "Huu una meno."

Moyo wa Mama Zipu ukaruka. Kisha Shangazi akafanya anachofanya kila mtu mwenye mfuko mpya: akakamata ule ukanda wa juu, akauchana, akautupa kwenye pipa. Meno yote yakaenda na ukanda. Kilichobaki mkononi kilikuwa pacha wa unga, vilevile.

Mama Zipu akatazama pipa, pipa likamtazama. Yeye, msomaji wa taka za mtaa mzima, alisahau kinachotangulia kuingia takani! Lakini ndivyo walivyo watu wa kazi yake. Mfuko wanaouona akilini ni ule wa dukani, haujaguswa, umesimama wima. Mfuko wa jikoni maisha yake yote huishi umeshafunguliwa.

Hakuondoka. Alivuta kigoda akakaa pembeni, akamtazama Shangazi akirudisha vitu rafuni. Akatazama mikono tu. Chumvi, sukari, majani ya chai. Na polepole akaona jambo ambalo alilitazama tangu utoto bila kuliona: Shangazi hakukamata mfuko mdomoni hata mara moja. Kiganja cha kushoto kilitangulia kupita chini, kikaubeba kama mtu anavyobeba mtoto makalioni, ndipo mkono wa kulia ukapanda kutafuta zipu.

"Chini!" akapayuka.

"Chini kuna nini? Mende?"

"Hakuna mende, Shangazi wangu. Endelea tu, endelea."

Fundi alikisaga kisu kipya mwenyewe, cheche zikiruka. Safari hii si meno, ni mawimbi mapana kama ncha za vidole, yakakatwa kwenye ukingo wa chini wa mfuko wa sabuni, nao ukaachwa mrefu ili uning'inie. Fundi akaunyanyua mfuko wa kwanza, akaugeuzageuza.

"Mama Zipu, watu watasema umetafunwa na panya."

"Waseme. Umeme ukikatika watanishukuru."

Rangi ya chumba ikakauka, na mfuko mpya wa sabuni ulikuwa umeshakaa rafuni kwa Shangazi. Kaka mtu akaja na gari tupu, uso wa mtu aliyekwishaamua.

"Shikamoo, Shangazi. Vitu viko tayari?"

"Marahaba, baba. Utaondoka na njaa kwangu? Kaa, nipike uji kwanza."

Kaka akamtazama dada yake. Dada hakusema kitu, sharti ni sharti. Shangazi alipotoka kuchota maji, kaka akainuka kimyakimya, akabadilisha mifuko rafuni, wa sabuni akauweka pahali pa unga. Mama Zipu akajiuma mdomo. Angeweza kukohoa. Hakukohoa.

Shangazi akarudi, akabandika sufuria, akanyoosha mkono pale unga unapokaa siku zote. Kiganja kikapita chini ya mfuko. Kikasimama.

"Ee, huyu ana miguu," akasema, akamsukuma kando kama anavyomsukuma paka. Akapapasa pembeni, akapata wenye ukingo laini, akafungua, akamimina, akapitisha kidole gumba. Krrrp. "Na aliyenihamishia vitu vyangu avirudishe kabla sijamkuta na mwiko."

Kaka, mtu mzima na ndevu zake, akavirudisha.

Uji ukaiva. Akapewa kikombe, akakishika muda mrefu bila kukigusa mdomoni, akikichungulia.

"Kunywa, baba," Shangazi akasema. "Hauna povu."

Akanywa. Akaomba kingine. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, na kile chumba alichokipaka rangi sasa akifanyie nini.

"Nitakuja kulala siku za wageni," Shangazi akajibu, mikono tayari inasugua sufuria. "Lakini jikoni kwako sipiki. Sijui vitu vyako vinakaa wapi."