Jembe Kwanza, Pensheni Baadaye

Nakumbuka siku tuliyomrudisha Afande Boniface kwao, mwanangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha maana ya kustaafu. Nilikuwa polisi mpya katika kituo cha Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, na yeye alikuwa mkubwa wetu. Wakimbizi wa Juru, mtaa mmoja wa makazi hayo, walimpenda mno. Wakifiwa, alibeba jeneza kwa gari la kituo, akavua koti la sare na kuchimba kaburi pamoja nao. Ndiyo maana Mama Furaha, Mkongomani muuza maharage, alipanda garini kumsindikiza, na gunia zima la zawadi miguuni.

Afande alikuwa ametoka Mbarara kufuatilia pensheni yake. Ofisini walimtaka jambo moja tu: mwenyekiti wa kijiji chake amtambulishe kwa maandishi. Alicheka. Kijiji alichozaliwa kingemkataaje?

Kilimkataa. Mwenyekiti alitukaribisha vizuri, akatupa viti na maziwa, kisha akasema kwa Kiswahili, ili sisi wageni tusikie:

"Afande, sura yako mimi najua. Lakini wewe iko mtu ya kambi ya polisi. Baba yako nakufa, wewe natuma pesa, sisi nachimba. Mama yako nakufa, sisi nachimba. Sasa mimi naandika nini?"

Huku Ankole, kijiji huzika pamoja, na kila nyumba hutoa mtu wa kushika jembe. Afande alidhani rambirambi inatosha. Sasa nyumba ya kambini, ile ya polisi, alikuwa amekwisha kuirudisha, watoto wake bado wanasoma, na bila neno la huyu bwana hakuna pensheni. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilimkasirikia mwenyekiti.

Mama Furaha akasimama.

"Mwenyekiti, unisamehe. Mtoto wangu alikufa kule Juru, sikuwa na ndugu hata moja. Ni huyu baba alimubeba. Ni huyu alichimba fasi ya kumulalisha. Batu bote ba kule banamujua."

Mwenyekiti akamgeukia Afande.

"Kumbe kuchimba wewe najua! Basi, kesho hapa iko maziko. Leta jembe kwanza. Pensheni baadaye."

Kesho yake Afande alichimba. Aliendelea kuchimba, msiba baada ya msiba, hata kwa watu ambao hakuwajua majina, mpaka mwenyekiti akamwandikia mwenyewe bila kuombwa. Pensheni ikaingia, watoto wakamaliza shule.

Alipofariki, nilikwenda na jembe langu kutoka Mbarara. Mwenyekiti, mzee sasa, alinipokonya pale pale. "Wewe mgeni, kaa. Huyu iko mtu yetu." Nililia kuliko nilivyotegemea.

Kwa hiyo, mwanangu uliyevaa sare juzi, nisikilize. Miaka yako kazini serikali itaihesabu, lakini kukujua nyumbani si kazi yake. Jenga kwenu hata chumba kimoja, maana nyumba ya kambini utaiacha. Ukipata likizo, nenda. Ukisikia msiba, usimalize kwa kutuma hela kwa simu. Nenda ukashike jembe, wakuone ukitoka jasho.

Mungu akulinde mpaka siku ya kuvua sare, na siku hiyo ufike kwenu ukute watu wanaokuita kwa jina lako.